Macho ya njano katikati ya dozi ya TB: ni ini au ni njia ya nyongo?

Barua za safu hii mwezi huu zinahusu jambo moja: mgonjwa anaendelea na dawa za kifua kikuu, kisha macho yanageuka njano, tumbo linauma upande wa kulia, au picha inaonyesha kitu kwenye mfuko wa nyongo. Wanaojibu ni daktari wa magonjwa ya ndani na mfamasia wa kliniki ya TB.

Mume wangu yuko wiki ya tatu ya dozi. Tangu siku ya kwanza mkojo wake una rangi ya chungwa, karibu na wekundu. Wifi yangu ameshikilia kwamba nyongo imepasuka na kuingia kwenye damu. Tuache dawa? (Msomaji, Temeke)

Dada, msiache. Rangi hiyo ni ya rifampisini, mojawapo ya dawa nne zilizomo kwenye kidonge chake cha mseto. Hutoka kwenye mkojo, jasho, mate na machozi, na inaweza kutia doa shati jeupe. Hujitokeza saa chache baada ya kumeza, kisha hupungua kadiri saa zinavyokwenda, na mara nyingi mkojo wa kabla ya dozi inayofuata huwa umefifia.

Mkojo wenye nyongo hauna mabadiliko hayo. Ni wa kahawia iliyokolea kama chai ya rangi, asubuhi hadi usiku, na ukitikiswa kwenye chupa angavu povu lake huwa la njano. Mwambie akojoe kwenye chupa safi muda mfupi kabla ya kumeza dawa, mwuangalie kwenye mwanga wa jua. Kisha angalieni macho, tena mchana na si chini ya taa: vuteni kope ya chini taratibu, mtazame sehemu nyeupe. Watu wengi wenye ngozi nyeusi wana madoa ya kahawia au ukungu wa njano kwenye pembe za jicho tangu zamani, na hayo si ugonjwa. Manjano ya nyongo huenea sawasawa kwenye weupe wote. Rifampisini kwa dozi ya kawaida haigeuzi weupe wa jicho kuwa njano, na choo haikifanyi kuwa cheupe.

Mkipimiwa mkojo kwa kijiti, mwambieni mtu wa maabara kwamba mgonjwa anatumia rifampisini, kwa sababu rangi yake inaweza kupotosha usomaji. Kipimo cha damu ndicho cha kuaminiwa.

Ila yakitokea macho ya njano, kutapika kusikokoma, kukosa kabisa hamu ya kula au maumivu chini ya mbavu za kulia, asimeze dozi ya siku hiyo. Aende kliniki siku hiyohiyo akiwa na kadi yake na vidonge vyake mkononi. Asingoje tarehe ya kliniki.

Mke wangu ana miaka 38, yuko wiki ya sita ya dawa za TB ya mapafu. Ameanza kuwashwa mwili mzima, macho ni ya njano, choo kimekuwa cheupe. Zahanati walisema ni dawa, wakazisimamisha. Siku tano zimepita hakuna nafuu. Ultrasaundi inasema kuna mawe madogo kwenye mfuko wa nyongo na mrija mkuu wa nyongo una upana wa milimita 11. Wengine wanasema ni dawa, wengine mawe. Nimsikilize nani? (Msomaji, Shinyanga)

Usikilize huo mrija, bwana. Kwa mtu wa umri wa mkeo ambaye hajawahi kuondolewa mfuko wa nyongo, mrija mkuu kwa kawaida hauzidi milimita 6 au 7. Dawa za TB zinaweza kuumiza ini na kuyafanya macho yawe njano, lakini hazitanui mrija. Mrija hutanuka pale nyongo inapozuiliwa mbele yake, ikarudi nyuma na kujaa.

Zahanati haikukosea kuzisimamisha. Kati ya dawa nne za miezi miwili ya mwanzo, tatu zinaweza kudhuru ini: pirazinamidi, isoniazidi na rifampisini. Ethambutoli ndiyo isiyo na tabia hiyo. Madhara mengi hujitokeza ndani ya wiki nane za kwanza, hivyo wiki ya sita ni muda wa kuzishuku. Shida inakuja pale mtu anapoishia hapo. Ini likiumizwa na dawa, mgonjwa hutangulia kuchoka, kichefuchefu na kukosa hamu ya kula, na kwenye majibu ya damu kinachopanda zaidi ni ALT na AST, vimeng'enya vinavyovuja seli za ini zikiumia. Njia ya nyongo ikiziba, hutangulia kuwashwa, choo cheupe na mkojo mweusi, na kinachopanda zaidi ni ALP na GGT, vimeng'enya vya njia ya nyongo, na bilirubini ya moja kwa moja, yaani rangi ya njano ambayo ini limeshaichakata. Mipaka hii haiko kamili. Jiwe linapopita kwenye mrija linaweza kupandisha ALT hadi mamia kwa siku moja au mbili kisha ikashuka upesi, na rifampisini nayo ina kawaida ya kupandisha bilirubini na ALP kwa sababu inagombea na bilirubini milango ya kuingilia na kutokea kwenye seli za ini. Ndiyo maana hatumwamini mtu anayetoa hukumu kwa karatasi ya damu pekee bila picha, au kwa picha pekee bila damu.

Kuwa na mawe kwenye mfuko hakuthibitishi kwamba jiwe ndilo lililoziba mrija. Ultrasaundi huyaona vizuri mawe ya kwenye mfuko, lakini mengi ya yaliyoshuka chini ya mrija hayaonekani kwa kuwa hewa ya utumbo inafunika eneo hilo. Kwa mgonjwa wa TB kuna mengine ya kufikiria: tezi zilizovimba kwa TB kwenye mlango wa ini na kuubana mrija kwa nje, kovu la TB ndani ya mrija wenyewe (hili ni nadra), minyoo aina ya askarisi iliyopanda kutoka utumboni, na uvimbe wa kichwa cha kongosho. Kwa hiyo mwombe daktari picha ya pili, ama CT ama MRI ya njia za nyongo, inayoonyesha hasa pamezibwa wapi na nini.

Damu ya kupimwa sasa ni bilirubini ya jumla na ya moja kwa moja, ALT, AST, ALP, GGT, lipase au amilase ya kongosho, kreatinini (kipimo cha figo), picha kamili ya damu, homa ya ini B na C, VVU kama hajapimwa, na kipimo cha kuganda kwa damu, INR. Hicho cha mwisho husahaulika sana. Vitamini K hufyonzwa utumboni kwa msaada wa nyongo. Nyongo isipofika, damu huchelewa kuganda, na mgonjwa anaweza kuvuja damu wakati wa kuzibuliwa. INR ikiwa juu, huchomwa vitamini K, kwa kawaida miligramu 10, kabla ya kuguswa.

Jiwe likithibitika kwenye mrija, tiba ni kulitoa kwa mpira wenye kamera unaopitishwa mdomoni hadi mlango wa mrija, kipimo-tiba kinachojulikana kwa herufi ERCP. Kinapatikana kwenye hospitali kubwa za rufaa, basi ombeni rufaa mapema. Waulizeni pia hatari zake, kubwa ikiwa kuvimba kwa kongosho baada ya kipimo. Baadaye mfuko wenye mawe huondolewa, la sivyo mawe mengine yatashuka.

Na TB? Haiwezi kuachwa bila dawa kwa muda mrefu. Rifampisini hutoka mwilini kwa kiasi kikubwa kupitia nyongo. Njia ikiziba, hujikusanya. Ndiyo sababu daktari anaweza kumweka kwa muda kwenye ethambutoli na levofloksasini, dawa zinazotoka zaidi kwa figo, huku akifuatilia kreatinini. Ethambutoli inadai pia uangalizi wa macho: akianza kuona ukungu au kushindwa kutofautisha nyekundu na kijani, aseme mara moja.

Kuna hali isiyosubiri foleni. Akipata homa yenye kutetemeka, pamoja na manjano na maumivu ya upande wa kulia, basi nyongo iliyozuiliwa imeingiwa na bakteria. Akianza kuchanganyikiwa au presha ikishuka, maisha yake yamo hatarini ndani ya saa, si siku. Antibayotiki peke yake haitoshi hapo. Lazima mrija uzibuliwe, au nyongo itolewe nje kwa sindano na mpira kupitia ngozi. Mwahisheni hospitali hata kama ni usiku.

Dawa zangu zilisimamishwa kwa sababu ya ini. Ultrasaundi haikuonyesha kizuizi chochote. Sasa wananirudishia moja moja badala ya kidonge kimoja cha mseto. Naogopa nitajenga usugu. Je, wanafanya sawa? (Msomaji, Tabora)

Ndiyo, na ukielewa mpangilio wao utaweza kuwasaidia kuusimamia.

Dawa za TB husimamishwa zote kwa pamoja ALT inapofika mara tatu ya kikomo cha juu cha kawaida mgonjwa akiwa na dalili au manjano, au mara tano hata kama hana dalili. Maabara yenye kikomo cha 40, hizo ni 120 na 200. ALT ya 70 au 90 bila dalili ni ya kufuatiliwa kila wiki, si ya kuacha dawa, na tunasikitika kuona wagonjwa wakikatiziwa dozi kwa namba kama hiyo.

Kurudisha huanza dalili zikishaisha na ALT ikiwa imeshuka chini ya mara mbili ya kikomo, yaani chini ya 80 kwenye mfano wetu. Pasipo na kipimo cha damu, husubiriwa wiki mbili zaidi baada ya manjano na maumivu ya juu ya tumbo kwisha. Kwa kawaida hutangulia rifampisini, ikiandamana na ethambutoli ili isikae peke yake. Baada ya siku 3 hadi 7 damu hupimwa. Ikiwa salama huongezwa isoniazidi, na damu hupimwa tena. Rifampisini hutangulizwa kwa sababu ndiyo nguzo ya tiba na si rahisi kuharibu seli za ini kama wenzake wawili. Lakini kama picha ya awali ilikuwa ya ALP na bilirubini kupanda huku ALT ikiwa imetulia, mshukiwa ni rifampisini yenyewe, na daktari anaweza kuanza na isoniazidi.

Pirazinamidi ndiyo yenye rekodi mbaya kuliko zote. Ikiwa ulipata manjano na sasa umevumilia rifampisini na isoniazidi, mara nyingi hairudishwi kabisa. Badala yake tiba hurefushwa: miezi 2 ya rifampisini, isoniazidi na ethambutoli, kisha miezi 7 ya rifampisini na isoniazidi, jumla miezi 9. Dawa ikirudishwa na ALT ikapanda tena, ile ya mwisho kuongezwa ndiyo mhusika na huondolewa kwa kudumu. Iandikwe kwenye kadi yako, kwa jina.

Hapa ndipo kidonge cha mseto kinapokwama. Kidonge cha awamu ya kwanza kina rifampisini miligramu 150, isoniazidi 75, pirazinamidi 400 na ethambutoli 275; ukikirudisha na ini likachafuka tena hutajua ipi imefanya. Vidonge vya dawa moja moja mara nyingi havipo zahanati, vinaagizwa kupitia Mratibu wa Kifua Kikuu na Ukoma wa Wilaya. Ulizia uagizaji huo siku ileile dawa zinaposimamishwa, si siku ini litakapopona.

Kuhusu usugu, hofu yako ina msingi, na ndiyo sababu usijirudishie mwenyewe dawa moja kutoka kwenye mabaki ya nyumbani. Weka pia hesabu ya siku ulizokosa dawa. Kwenye awamu ya kwanza, kikomo kinachotumika sana ni siku 14: chini ya hapo huendelezwa pale ulipoishia, zikifika au kuzidi hapo huanzwa upya.

Wakati huo wote pombe isiguswe. Parasetamoli itumike kwa kiasi. Kwa ini lililojeruhiwa wengi wetu hatupitishi gramu 2 kwa siku, yaani vidonge vinne vya miligramu 500.

Nina VVU na TB. Nilianza dawa za TB, wiki mbili baadaye nikaanza ARV. Nilikuwa napata nafuu, sasa tezi za shingo zimevimba zaidi, homa imerudi na macho yana manjano. CT inaonyesha tezi kubwa karibu na ini. Je, dawa zimeshindwa? (Msomaji, Mwanza)

Huenda ni kinyume chake. ARV zinapoamsha kinga, kinga hiyo huivamia TB iliyojificha kwenye tezi, nazo zikavimba kwa ghafla. Hutokea zaidi ndani ya miezi mitatu ya kwanza ya ARV, hasa kwa aliyeanza na CD4 (hesabu ya seli za kinga) ya chini. Tezi zikiwa shingoni utaona uvimbe tu. Zikiwa kwenye mlango wa ini zinaubana mrija wa nyongo na macho yanageuka njano.

Kabla ya kuhitimisha kwamba ni hali hiyo, daktari lazima aondoe mambo matatu. Je, vijidudu ni sugu kwa rifampisini? GeneXpert, kipimo cha haraka cha TB na usugu wake, irudiwe, ikiwezekana kwa majimaji ya tezi yenyewe. Je, umekuwa ukimeza dawa zote bila kukosa? Na je, kuna maambukizi mengine? CD4 ikiwa chini ya 100, vijidudu kama kriptosporidiamu na sitomegalovirasi vinaweza kushambulia njia za nyongo na kuzifanya nyembamba. Kuharisha kwa muda mrefu pamoja na ALP ya juu sana huelekeza huko.

Yakishaondolewa, hutolewa prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe huo. Mpangilio uliojaribiwa Afrika Kusini ni miligramu 1.5 kwa kila kilo kwa siku kwa wiki mbili, kisha 0.75 kwa wiki mbili nyingine. Haitolewi kwa TB sugu ambayo haijaanza kutibiwa, wala kwa mtu mwenye saratani ya Kaposi. Mrija ukiwa umebanwa sana, huwekwa kijimpira ndani yake kupitia ERCP hadi tezi zisinyae. ARV na dawa za TB kwa kawaida huendelea, isipokuwa vipimo vya ini vikilazimisha vinginevyo.

Mambo mawili ya kuhakikisha CTC, kliniki yako ya VVU. Kama uko kwenye ARV iitwayo dolutegraviri, ukiwa na rifampisini unapaswa kuimeza miligramu 50 mara mbili kwa siku, na hivyo hadi wiki mbili baada ya rifampisini kwisha. Na kama ulikuwa kwenye ARV nyingine, atazanaviri, sema waziwazi: haichanganywi na rifampisini, na yenyewe inaweza kuyafanya macho yawe njano bila ini kuharibika, hata kutengeneza mawe ya nyongo.

Kabla ya kugundulika TB, mwanangu wa miaka 9 alichomwa sindano za seftriaksoni kwa siku kumi akidhaniwa ana nimonia. Sasa ultrasaundi inasema ana mawe ya nyongo, wanataka kumpasua. (Mzazi, Morogoro)

Msiharakishe. Seftriaksoni hutoka kwa nyongo, na humo hushikana na kalsiamu ikatengeneza tope au chembe zinazofanana kabisa na mawe kwenye picha. Watoto hupata zaidi, hasa kwa dozi kubwa na wakiwa hawali vizuri. Wengi hawana dalili, na tope huyeyuka lenyewe ndani ya wiki chache hadi miezi miwili baada ya sindano kukoma. Rudieni picha baada ya wiki 4 hadi 8, mtoto akiwa hajala kwa saa 6. Akila kabla, mfuko hujikunja na ukuta wake huonekana mnene.

Kuna jambo moja lingebadilisha jibu letu: kama mtoto ana selimundu. Damu inayovunjwavunjwa kila siku hutengeneza mawe meusi ya kweli, nayo hayayeyuki. Kama hajawahi kupimwa selimundu, apimwe sasa.

Jirani amenipa dawa ya mafuta ya zeituni na maji ya ndimu kusafisha nyongo. Yeye alitoa mawe ya kijani kwenye choo. Nipo mwezi wa pili wa TB. (Msomaji, Tanga)

Madonge hayo laini ya kijani ni mafuta yenyewe yaliyogeuka aina ya sabuni utumboni. Yakiachwa kwenye joto huyeyuka, jambo ambalo jiwe la nyongo halifanyi. Hatari iko pengine: mafuta mengi kwa mkupuo huufanya mfuko ujikunje kwa nguvu, na kijiwe kidogo kilichokuwa kimetulia kinaweza kusukumwa hadi kwenye mrija. Kula mara kwa mara kwa kiasi kidogo, punguza vya kukaanga, usikae na njaa siku nzima. Kama umeshatumia mizizi au majani yoyote tangu uanze dozi, yapeleke kliniki ukayaonyeshe. Hakuna atakayekufukuza, na ini likichafuka tutakuwa tumeokoa muda wa kutafuta.

Nina mawe ya nyongo na niko mwezi wa tatu wa TB. Daktari wa upasuaji anasema nisubiri, ndugu zangu wanasema nipasuliwe sasa. (Msomaji, Moshi)

Mawe yasiyouma hayapasuliwi, uwe na TB au usiwe nayo. Yakiwa yanauma kwa vipindi baada ya kula, kisha yanatulia, ni busara kusubiri makohozi yawe safi na uzito urudi. Upasuaji kwa mtu aliyekonda na mwenye vijidudu hai mapafuni humhatarisha yeye na wahudumu. Lakini maumivu yakizidi saa 6 mfululizo pamoja na homa, mfuko umevimba, na hapo TB si sababu ya kukucheleweshea matibabu. Daktari asiuamini ukuta mnene wa mfuko peke yake: unazidi milimita 3 pia kwa mwenye upungufu wa protini au maji tumboni, hali za kawaida kwa mgonjwa wa TB. Atafute mawe, majimaji kuzunguka mfuko, na maumivu pale kifaa cha ultrasaundi kinapougandamiza.

Siku ya kupasuliwa, mweleze mtaalamu wa usingizi kwamba unatumia rifampisini. Inalifanya ini liziondoe haraka dawa nyingi, zikiwemo midazolamu, morfini na warfarini, hivyo dozi zake za kawaida zinaweza zisikutoshe. Uliza kama utameza dawa za TB asubuhi hiyo kwa funda la maji. Mara nyingi inaruhusiwa. Nenda nazo wodini, kwa sababu wodi ya upasuaji mara nyingi haina akiba yake, na uzirudie mara unaporuhusiwa kunywa.

Na umwombe daktari wa upasuaji jambo hili kabla hujalala mezani. TB ya mfuko wa nyongo ni nadra na karibu daima hugundulika baada ya upasuaji, kwenye kipande kilichopelekwa maabara. Kipande kimoja kiwekwe kwenye fomalini kwa ajili ya darubini. Kingine, pamoja na tezi yoyote iliyovimba, kiwekwe kwenye chupa safi yenye maji ya chumvi ya hospitali kwa ajili ya GeneXpert na kuotesha vijidudu, kwani fomalini huua vijidudu na hakiwezi tena kuoteshwa. Chupa zote mbili ziandikwe jina, tarehe na sehemu kipande kilikotolewa.